Nirudishieni Kidole Changu

Najua kuna wale mnangoja muendelezo wa ile stori ya landilodi na mita ya stima. Itangoja. Leo nataka tuongee kuhusu kidole.

Kama uliwahi kusoma vile vitabu ambavyo mwisho wa ukurasa unaambiwa ukitaka kufungua mlango uende namba fulani na ukitaka kutoroka uende nyingine, basi unajua ni kidole gani nasema. Ni kile unachokiacha kwenye ukurasa wa nyuma ukienda mbele kuchungulia. Ukikuta shimo lenye mikuki, unarudi pole pole kama mtu ambaye hakuwahi kuondoka. Hakuna aliyeona. Hujakufa.

Mimi na brathe tulikuwa na kitabu kimoja tu cha aina hiyo. Alikitoa inama, pale town, kwa wale wasee wanaotandaza vitabu kwenye magunia kando ya barabara. Alikuwa ametumwa kitabu cha fasihi cha shule. Akarudi na The Warlock of Firetop Mountain, na mathe akamuuliza mara tatu kama hicho ndicho mwalimu alisema. Ndani, kwenye ule ukurasa wa kuandika alama, kulikuwa na penseli iliyofutwa na kuandikwa tena na kufutwa tena. Mtoto fulani tusiyemjua alikuwa amekufa humo mara nyingi kabla yetu.

Kwa wale hamjawahi kukutana na hivi vitu: ni hadithi iliyokatwa vipande, kila kipande kina namba, na mwisho wa kipande wewe ndiye unaamua uende namba gani. Chetu kilikuwa na vipande 400. Kiliandikwa na Waingereza wawili, Steve Jackson na Ian Livingstone, kikachapishwa na Puffin mwaka wa 1982. Mmoja aliandika nusu ya kwanza, mwenzake akaandika nusu ya pili. Wamarekani walikuwa wametangulia kidogo, maana The Cave of Time cha Edward Packard, kile cha kwanza cha Choose Your Own Adventure, kilitoka 1979. Lakini vya Marekani ni vya kuchagua tu. Hivi vya Waingereza vinataka uwe na dadu mbili, penseli na kifutio. Ustadi wako ni dadu moja jumlisha 6. Nguvu ni dadu mbili jumlisha 12. Bahati ni dadu moja jumlisha 6. Ukipigana, wewe na zimwi kila mmoja anarusha dadu mbili, anajumlisha na Ustadi wake, na aliyepata kidogo anapoteza Nguvu 2. Unarusha hadi mmoja wenu aishe.

Sisi tulishinda mapigano yote. Tulikuwa na dadu moja tu, ya ludo, na brathe alisema haihesabiki kwa sababu panya alikuwa ameila kona.

Hii ilikuwa Umoja, kwenye keja ya chumba kimoja. Mimi niko darasa la sita, yeye kidato cha kwanza, mathe anarudi kazini saa mbili usiku. Stima ikipotea tunasoma kwa tochi ya simu ya kabambe. Picha niliyo nayo kichwani hadi leo ni ya mikono ya brathe. Alikuwa na kidole kwenye kila njia panda ambayo hakuiamini. Vidole vinne, saa zingine vitano, vyote viko ndani ya kitabu, kwa hivyo mimi ndiye nafungua kurasa kwa sababu mikono yake imejaa. "Nenda 92. Ngoja, usisome kwa sauti. Ni mbaya? Ni mbaya. Rudi kwa kidole cha pete."

Kitabu kilipotea tulipohama. Vitu vingi vilipotea tulipohama.

Sasa, mwaka ni huu, na mimi nimekaa miezi kadhaa nikijaribu kutengeneza kitabu kama kile kwa Kiswahili, kisomeke kwenye kifaa cha kusomea vitabu, kile cha skrini ya kijivu isiyo na mwanga wa kuchoma macho. Mtauliza kwa nini nisitengeneze programu ya simu kama binadamu wa kawaida. Nitafika huko. Kwanza niseme ni cha nani.

Ni cha brathe. Yuko Doha, ni askari wa geti, zamu ya usiku. Wakiingia zamu simu zinaachwa kwenye kabati, lakini wakati wa mapumziko wanaruhusiwa kusoma, na yeye alinunua kifaa cha kusomea kutoka kwa mwenzake aliyekuwa anarudi kwao. Hayo niliambiwa na mathe. Mimi na yeye tulikuwa hatuongei. Yeye ndiye alikuwa analipa karo yangu ya koleji, na mimi mwaka wa pili niliacha masomo, na doo ya muhula wa mwisho nikanunulia laptop na maikrofoni. Hivi vitu mnanisikia navyo hapa vimenunuliwa na karo. Nilimwambia baada ya miezi minne. Alisema "sawa," na baada ya hapo akawa anaongea na mathe tu. Miezi minane. Mathe anashika simu, anasema "ndugu yako anakusalimia," na kila mtu kwenye chumba anajua hajasema hivyo.

Sikujua nianzie wapi kuomba msamaha. Nikaanza na kitabu. Acheni kucheka.

Nikatafuta kifaa kama chake hapa Nairobi, cha mkono wa pili, skrini ina ufa kwenye kona, nikakipata kwa 3,800. Halafu nikagundua kwamba kila kitu nilichojua kuhusu vitabu hivi kilikuwa kimeegemea karatasi bila mimi kujua.

Upande rahisi kwanza. Kitabu cha dijitali cha EPUB si uchawi. Ukibadilisha jina la faili kutoka .epub hadi .zip na kulifungua, ndani utakuta kurasa za kawaida kama za tovuti, na orodha inayosema ipi inafuata ipi. Kwa hivyo "nenda 178" inakuwa linki, unagusa, umefika. Ukiangalia haraka utasema hivi vitabu vilikuwa vinangoja linki izaliwe. Na kuna watu waliliona hilo mapema. Joe Dever, aliyeandika vitabu vya Lone Wolf kuanzia 1984, aliruhusu mashabiki wake waviweke mtandaoni bure. Mradi wao unaitwa Project Aon, ulianza 1999, na hadi leo unaingia, unapakua, halali kabisa, hakuna mtu anakudai. Dever alifariki 2016 na vitabu bado viko pale. Flight from the Dark, cha kwanza, kina vipande 350 na kila mlango umeshonwa linki.

Shida inaanza ukigusa skrini upande wa pili. Kwenye kifaa cha kusomea, kidole kikitelezesha ukurasa, unaenda ukurasa unaofuata. Kifaa hakijui kwamba 27 na 28 si majirani wa kweli. Msomaji anamaliza 27, anateleza kwa mazoea, anajikuta 28, ameshakutana na maiti ya mtu ambaye hajamjua bado. Kwenye karatasi namba zilikuwa zimechanganywa na macho yako yalijizoesha kutotazama. Hapa hakuna cha macho, ukurasa wote ni huo.

Nilijaribu mambo mengi. Kuna njia ya kuandika kwenye ile orodha ya ndani kwamba ukurasa huu si wa mfululizo, lakini kila kifaa kinaielewa kivyake, vingine vinaipuuza. Mwishowe nilifanya kitu cha kijinga kikafanya kazi. Katikati ya kila kipande na kinachofuata niliweka ukurasa mmoja wenye maneno machache tu, kwa sauti ya mathe: "Wewe! Nani amekutuma huku? Rudi uchague." Kurasa sitini za mathe akikemea. Nilipojaribu kwa mara ya kwanza na nikateleza kwa bahati mbaya, niliruka kidogo.

Halafu linki zenyewe. Kwenye skrini ya wino ukigusa, inafikiria kwanza, halafu inameta nyeusi, halafu inakuja. Ukiweka machaguo mawili mistari inayofuatana, kidole gumba kinachagua badala yako. Mimi nilitaka "ingia dukani," kifaa kikanipeleka "kimbia." Nikakimbia. Niliacha nafasi ya mistari mitatu kati ya chaguo na chaguo baada ya hapo, na kitabu kikaonekana kama kina mapengo ya meno, lakini angalau unakufa kwa kosa lako mwenyewe.

Shida kubwa zaidi ni kumbukumbu. Ukurasa haukumbuki. Tuseme mwanzoni uliokota risiti, na mwishoni muuza duka anataka kuiona. Kitabu kitajuaje kama unayo? Kwenye karatasi ulikuwa unaandika kwa penseli na kitabu kinakuamini. Kwenye simu programu inakumbuka. EPUB ya kawaida haikumbuki chochote. Unaweza kusema, sawa, niandike hadithi mara mbili, moja ya mwenye risiti na moja ya asiye nayo. Poa. Ukiwa na vitu viwili, matoleo manne. Vitu vitano, matoleo 32. Vitu kumi, 1,024. Nilifanya hiyo hesabu nyuma ya tiketi ya mabasi ya Machakos nikaamua shujaa wangu atakuwa maskini.

EPUB 3, iliyokuja 2011, inaruhusu kuweka programu ndogo za JavaScript ndani ya kitabu, na Apple Books inaziendesha. Kindle haziendeshi, na vifaa vingi vya wino vivyo hivyo. Kwa hivyo kitabu chenye akili nyingi kinafunguka vizuri kwa msee mwenye iPad Kilimani na kinakufa kwenye geti la Doha. Nilikuwa nimeandika rasimu yangu kwenye Twine, ile programu ya bure aliyoitoa Chris Klimas 2009, unachora visanduku na mishale na unaona hadithi yote kama ramani ya matatu. Kwa kupanga, hakuna kama hiyo. Lakini kinachotoka mwisho ni ukurasa wa tovuti unaotegemea JavaScript. Nikalazimika kuhamisha kila kipande kwa mkono hadi kurasa kavu.

Jibu nililipata kwenye kile kitabu chetu cha inama. Mle ndani unaokota funguo zenye namba, na mwisho kabisa zile namba ndizo zinakufungulia sanduku. Kama huna funguo sahihi, hujui namba, na vidole vyote kumi haviwezi kukusaidia. Waandishi walijua kabisa tutaiba, wakajipanga. Nikafanya hivyo hivyo. Risiti yangu ina namba 7 imeandikwa juu. Ukifika kwa muuza duka, kitabu kinasema kama una karatasi yenye namba, ijumlishe na namba ya kipande hiki uende huko. Kipande ni 31, unaenda 38. Asiye na risiti hana cha kujumlisha. Kumbukumbu imehama kutoka kwenye mashine hadi kichwani mwa msomaji, mahali ilipokuwa tangu 1982.

Lakini sasa msomaji anafikaje 38 kama hakuna linki ya moja kwa moja? Nikaweka chini ya kila kipande linki ndogo, "Namba zote." Unagusa, unaona jedwali la 1 hadi 61, unagusa yako. Ikumbukeni hiyo jedwali, tutairudia.

Dadu nazo. Bila programu hakuna bahati nasibu. Dever alikuwa ametatua hii hata kwa karatasi: nyuma ya kitabu kuna jedwali la namba za 0 hadi 9, unafunga macho, unadondosha penseli, unasoma ilipoangukia. Unaweza kufanya hivyo kwa kidole kwenye skrini. Mimi nilienda rahisi zaidi, angalia saa, chukua tarakimu ya mwisho ya dakika. Saa 3:47, umepata 7. Msee wa geti ana saa, hata kama hana kitu kingine. Rafiki yangu mmoja alisema ningetumia namba ya mwisho ya matatu inayopita, na kwa toleo la Nairobi sikatai, ila ukiwa Outer Ring wakati wa jam utasubiri shambulio la zimwi nusu saa.

Sasa turudi kwa swali lenu, kwa nini si programu ya simu.

Nimezicheza. Tin Man Games, wale wa Melbourne, wametengeneza programu za vitabu hivi ambazo dadu zinaanguka na kugongana kwenye skrini, na karatasi ya alama inajijaza yenyewe. Inkle wa Uingereza walichukua vitabu vya Sorcery! vya huyo huyo Steve Jackson, kuanzia 2013 wakavigeuza ramani unayotembea juu yake, halafu 2014 wakatoa 80 Days, ambayo mimi naiheshimu sana. Ni kazi safi. Siwezi kufanya hata robo.

Lakini programu inaishi kwa huruma ya simu. Mwaka wa 2017 Apple walipoleta iOS 11, programu zote za biti 32 ambazo hazikuwa zimeandikwa upya ziliacha kufunguka. Ulilipa, unaona alama yake kwenye simu, unagusa, hakuna. Kitabu gani cha karatasi kiliwahi kukufanyia hivyo? Faili la EPUB ni maandishi tu. Langu lina uzito mdogo kuliko picha moja ya meme mnazotumiana, na nilimtumia mathe kwa WhatsApp kwa bando la shilingi ishirini, yeye akalituma Doha.

Na kuna hili la pili, ambalo ndilo linaniuma. Programu nyingi zinachukia kidole. Ukichagua umechagua. Mlango nyuma yako umefutwa. Ukifa, anza upya. Kwa mashabiki sugu hii ndiyo haki, ndiyo heshima ya mchezo, na kuna wengine watanijia kwa comments kusema nalilia urahisi. Kwanza, nani aliwahi kucheza hivyo kwa karatasi? Nionyeshe mtoto mmoja aliyeingia namba mbaya, akakuta shimo, akafunga kitabu, akarusha dadu upya kama mtu mwaminifu. Inkle walielewa: kwenye Sorcery! unaweza kurudi nyuma hadi mahali popote ulipopita kwenye ramani, na hawakukuita mwizi. Wengi wengine wanatengeneza upya kitabu ambacho hakikuwahi kuwepo, kile cha kwenye masharti ya ukurasa wa kwanza, badala ya kile kilichokuwa mikononi mwetu.

Kidole hakikuwa udanganyifu tu. Kilikuwa njia ya kusoma. Unaona mtu alivyojenga njia mbili, unajua hii ilikuwa nini na ile ingekuwa nini, unakaa katikati. Ukininyima hiyo umenipa hadithi moja iliyonyooka na kelele za dadu.

Ndiyo maana ya jedwali la "Namba zote." Niliiweka kwa sababu ya risiti, lakini nikaiacha wazi, bila kufuli. Kutoka popote unaenda popote. Kwenye ukurasa wa masharti niliandika: kama unataka kuacha kidole, andika namba mahali.

Kitu kimoja kuhusu Kiswahili, halafu tuendelee. Nilipoanza niliogopa kitasikika kama mtihani wa insha. Kumbe lugha yetu imeumbwa kwa hii kazi. Unaingia, unasikia, unageuka, unakimbia. Ile u- iko mlangoni mwa kila kitenzi, msomaji hawezi kutoka kwenye sentensi hata akitaka. Na mtu anayekufuata gizani anabaki a- tu, anakuja, anapumua, anakuita jina. Mwanamume, mwanamke, zimwi, mathe? Hujui hadi nikuambie.

Hadithi yenyewe ni ndogo. Wewe ni mtoto wa Umoja. Mama amekupa 200 ununue unga na mafuta ya taa. Pesa inapotea. Giza linaingia. Una vipande 61 vya kurudi nyumbani na unga, au bila, au usirudi. Kuna mbwa, kuna makanga, kuna muuza duka mwenye daftari la madeni. Miisho tisa, mmoja tu mzuri.

Hiyo ilitokea kweli, karibu yote. Ilikuwa 200, ilikuwa jioni, tulitumwa wawili.

Nilituma faili. Siku sita kimya. Ya saba, saa kumi alfajiri, simu ikalia. Namba yake, kwangu, si kwa mathe.

"Nimekufa 23."

Nililala nikiwa nimekaa, nikaamka ghafla kama mtu aliyemwagiwa maji. Sikujua nijibu nini. Nikaandika, "Mbwa?"

"Mbwa. Lakini nilikuwa nimeacha kidole 17."

Akatuma picha. Kiganja chake cha kushoto, chini ya taa ya geti, kimeandikwa kwa biro: 17, 9, 40, 31. Nne. Kama zamani.

Kwa siku kama tano hivi ndivyo tulivyoongea. Namba tu. "44 ni uonevu." "Huyu makanga ni yule wa ile mathree ya njano?" "Mathe alinikemea mara kumi leo, ni kama niko nyumbani." Hakuna mtu alitaja karo. Mimi nilikuwa nimefurahi sana, nilikuwa nasema sawa, imepita, tumeivuka bila kuigusa.

Halafu Jumapili akaandika ndefu.

"Nimemaliza. Nilipata ule mwisho mzuri. Halafu nikaenda Namba zote nikasoma moja moja, 1 hadi 61, nikitafuta. Hakuna yenye ulienda PS."

Wasee, niwaeleze. Kwenye kitabu changu ile 200 inapotea kwa sababu mfuko umetoboka. Kipande cha 3, unatia mkono, unakuta tundu. Hivyo ndivyo tulivyomwambia mathe usiku ule, na mfuko ulikuwa wa brathe, kwa sababu yeye ndiye mkubwa na yeye ndiye alikuwa amepewa pesa, na yeye ndiye alichapwa. Ukweli ni kwamba alinipa mimi niishike afunge kamba ya kiatu, akaingia kwa kinyozi kumuona rafiki yake, na mimi nikaingia pale jirani kwa wale wa PlayStation, shilingi kumi kwa gemu. Nilicheza hadi ikaisha. Alijua. Alinikuta nikitoka. Njiani kurudi alitoboa mfuko wake mwenyewe na kalamu.

Na mimi, nimeandika vipande 61, nimeweka mbwa na makanga na miisho tisa, na sikuweka njia hiyo hata moja. Sikuificha makusudi, au hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nilisahau tu, vile mtu husahau kitu kinachomfaa kusahau. Kama ningeifunga ile jedwali, kama ningekuwa nimetengeneza ile programu ya haki na heshima, angemaliza njia yake moja akafikiri labda iko njia nyingine ambayo hakuiona. Angenipa hiyo nafasi. Lakini nilimwachia vidole vyote, na alipita kila mlango nyumba nzima akakuta hakuna.

Uzuri wa faili ni kwamba halijachapishwa. Puffin wangehitaji kupiga chapa upya. Mimi nilihitaji kufungua kipande cha 3, kuongeza chaguo la tatu, na kuandika kipande cha 62. Kazi ya kompyuta ni dakika ishirini. Kipande chenyewe nilikiandika mara nne. Cha kwanza kilikuwa na kurasa mbili za sababu: nilikuwa mtoto, kila mtu alikuwa anacheza, sikujua wakati unaenda. Nikafuta. Cha mwisho ni mistari kumi na moja. Unaingia ndani, mama amekaa, ndugu yako ameshaanza kusema habari ya mfuko, na unamkatiza, unasema pesa umekula wewe. Halafu mstari mmoja unaosema na ile nyingine pia, ya karo, umekula wewe, na ulikaa miezi minne ukimwacha aendelee kusimama usiku kwa ajili ya darasa ambalo huendi.

Nikatuma. Tiki mbili za kijivu siku nzima.

Jana nilikuwa kwa mathree natoka town, imejaa, nimeshika chuma kwa mkono mmoja, simu ikatetemeka.

"Niko 62. Haina pa kwenda. Hapo ndio mwisho ama ulisahau kuweka linki?"

Nilikuwa nimesahau. Nilimaliza ule mstari wa mwisho nikafunga faili haraka kabla sijabadilisha mawazo, sikuweka hata "Namba zote" chini. Nikamwandikia hivyo, kwamba nilisahau, na kwamba sijui iende wapi, nikamuuliza yeye angetaka iende wapi.

Amesema atanipigia Ijumaa, siku yake ya kupumzika. Leo ni Jumatano.